Viti mwendo vimegawiwa. Vingapi bado vinatembea?

Ukiuliza kama watu wenye ulemavu wana vifaa saidizi wanavyohitaji, kwa kawaida utajibiwa kwa idadi: viti mwendo kadhaa, jozi kadhaa za magongo, fimbo nyeupe boksi moja, na picha ya mgeni rasmi akikabidhi. Hiyo ni idadi ya vifaa vilivyotoka stoo. Haikuambii kama aliyepokea alipimwa, kama kifaa kinapita kwenye mlango wa choo chake, wala kama miezi sita baadaye bado anakitumia au kimegeuka kuwa pa kuanikia nguo. Wengi hawana kabisa. Miongoni mwa wanaohesabiwa kuwa navyo, wapo ambao kifaa hakiwafai, na wapo ambao kinawaumiza.

Tuanze na takwimu, kwa sababu ndiko mkanganyiko unakoanzia. Mei 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF walitoa ripoti ya kwanza ya dunia kuhusu teknolojia saidizi. Ilikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa kimoja, na karibu bilioni 1 kati yao hawakipati. Katika utafiti uliohusisha nchi 35, waliopata walichohitaji walikuwa asilimia 3 tu katika baadhi ya nchi maskini, ilhali kwenye nchi tajiri walifika hadi asilimia 90. Hesabu hiyo inajumuisha miwani na mahitaji ya wazee, si wale tu ambao jamii inawaita walemavu. Babu anayehitaji mkongojo na mwanafunzi asiyeona ubao vizuri wote wamo.

Kwa upande wetu, sensa ya Tanzania ya 2022 ilitoa asilimia 11.2 ya watu wenye ulemavu kati ya wenye umri wa miaka 7 na kuendelea. Sensa ya Kenya ya 2019 ilitoa asilimia 2.2 kwa wenye miaka 5 na kuendelea. Asiyejua anaweza kudhani Tanzania ina ulemavu mara tano ya Kenya. Hapana. Kenya ilihesabu wale tu waliosema wana ugumu mkubwa au hawawezi kabisa kufanya jambo husika, na kigezo kikilegezwa kidogo asilimia inapanda haraka.

Jambo la pili halitajwi sana. Katika maswali ya aina hii yanayotumika kimataifa, suala la kuona huulizwa hivi: je, una ugumu wa kuona hata ukiwa umevaa miwani? La kusikia nalo: hata ukiwa umevaa kifaa cha kusikia? Kwa hiyo mwenye miwani inayomfaa hujibu “hapana” na hatokei kwenye hesabu. Maswali hayo yanaonyesha nani bado ana ugumu. Hayaonyeshi nani anahitaji kifaa gani, cha ukubwa upi, wala nani alichonacho kimekufa. Halmashauri inayoagiza vifaa kwa kutazama jedwali la sensa peke yake inabahatisha.

Kwa viti mwendo kuna kipimo cha haraka. Mwongozo wa WHO wa 2008 ulikadiria kwamba mtu mmoja katika kila 100 anahitaji kiti. Kwa watu milioni 61.7 waliohesabiwa Tanzania 2022, hiyo ni takriban 617,000. Ni makadirio tu, ila yanatosha kupima uzito wa habari kwamba fulani ametoa viti 50.

Sasa tukitazame kiti chenyewe, maana ndicho kinachogawiwa kwa mbwembwe kuliko vyote na ndicho kinachoharibikiwa kwa njia nyingi zaidi.

Kiti kinachoonekana sana kwenye hafla ni kile cha hospitali: cha kukunja, viti vyote upana mmoja wa sentimita 46 hivi, kitambaa kilichotandazwa kati ya mabomba mawili, na magurudumu madogo magumu mbele. Kilibuniwa kumtoa mgonjwa wodini kumpeleka eksirei, mtu mwingine akisukuma, juu ya sakafu laini. Anayekikalia saa 10 kwa siku kwenye mchanga wa Mbagala au tope la Kagera ana mahitaji mengine kabisa.

Vipimo vya msingi havizidi vichache, na vinahitaji futi ya fundi cherehani, kitabu cha kuwekea chini ya miguu na mtu aliyefundishwa. Upana wa kiti ufuate upana wa nyonga. Kikizidi, mtu anaegemea upande mmoja kutafuta mhimili, nyonga inainama, na baada ya muda uti wa mgongo unaifuata. Tena magurudumu yanakuwa mbali, kwa hiyo anasukuma mabega yakiwa yamepanuka na yanauma mapema. Kwa kina cha kiti, pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha punguza sentimita 3 hadi 6. Usipopunguza, ukingo wa kiti unachimba nyuma ya goti. Mtu anajivuta mbele kuukwepa, anaishia kukalia mfupa wa mkia, na hapo ndipo kidonda kinapozaliwa. Vikanyagio vifuate urefu wa muundi: vikiwa juu mno, mapaja yananyanyuka na uzito wote unahamia kwenye mifupa ya makalioni, vikiwa chini mno, miguu inaning'inia au vinagonga mawe.

Kwa watoto kosa linajulikana. Desturi ya kumnunulia mtoto sare kubwa ili aikulie inahamishiwa kwenye kiti, na mtoto wa miaka saba anawekwa kwenye kiti cha mtu mzima akiwa amezungushiwa mito na kanga. Mwenye mtindio wa ubongo ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu hawezi kujiweka wima mwenyewe. Anahitaji kiti chenye vishikilio vya kiwiliwili na kichwa, na mkanda wa nyonga. Akilishwa huku kichwa kimelala nyuma, chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu. Baadhi ya karakana hutengeneza viti vya watoto hawa kwa maboksi: tabaka za katoni zinagandishwa kwa uji mzito wa unga, zinakaushwa hadi ndani, kisha zinapakwa rangi ya mafuta ili maji yasipenye. Vinabeba uzito kuliko unavyodhani. Adui yao ni unyevu.

Mto wa kukalia ni sehemu ya kiti, lakini viti vingi vya msaada huja bila mto. Kwa mtu asiyehisi sehemu za chini, kwa mfano aliyevunjika uti wa mgongo, kiti bila mto ni hatari. Damu haipiti mahali mfupa unapoikandamiza ngozi, na yeye hasikii maumivu ya kumfanya ajigeuze. Kwa ngozi nyeusi usingoje wekundu kama vitabu vinavyosema. Tazama sehemu iliyozidi kuwa nyeusi au kung'aa, iguse uone kama ina joto au imekuwa ngumu kuliko ngozi ya pembeni. Ukiiona, mtu asikalie sehemu hiyo mpaka irudi kawaida. Kidonda cha mgandamizo kikifika mfupani ni miezi ya kulala kifudifudi, na wapo wanaokufa kwa sumu inayoingia kwenye damu.

Mto hupimwa hivi, na ndugu yeyote anaweza kujifunza. Omba ruhusa kwanza. Mtumiaji aegemee pembeni kidogo, wewe pitisha vidole juu ya mto hadi chini ya mfupa wa kalio, kisha akae sawa na kuweka mikono juu ya mapaja. Ukiweza kuchezesha ncha za vidole juu na chini kwa milimita 5 au zaidi, mto uko salama. Vidole visipocheza lakini unaweza kuvitoa bila shida, hiyo ni tahadhari. Vikibanwa hadi kuvichomoa ni kazi, mto haufai, hata uwe mpya wa dukani. Pima na upande wa pili. Rudia kila baada ya miezi michache, kwa sababu sponji hubonyea, na huoza haraka ikilowa mkojo na kuanikwa juani. Sponji ya godoro la bei ndogo inazama ndani ya wiki. Inayohitajika ni nzito, ikiwa na tabaka laini juu na gumu chini, ndani ya gamba lisilopitisha maji.

Kisha ardhi. Magurudumu madogo ya mbele huzama mchangani na kukwama kwenye mfereji, na kiti kikikwama ghafla mtu anarushwa mbele. Ndiyo maana viti vilivyobuniwa kwa barabara za vumbi huwa na msingi mrefu, na baadhi vina gurudumu moja pana lililotangulizwa mbele kabisa. Gharama yake ni kwamba havigeuki kirahisi kwenye chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10. Hakuna kiti kinachoweza yote, kwa hiyo swali la kwanza la mtoa huduma lingekuwa: siku yako inapita wapi? Mlango wa choo upimwe kabla ya kiti kuagizwa, kisha ongeza nafasi ya vidole pande zote mbili. Na kizingiti: mteremko unaopandika bila kusukumwa ni wa 1 kwa 12, maana yake ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa mita 1.8. Vibamba vifupi vilivyosimama kama paa, vinavyomwagwa zege mbele ya ofisi ili mkaguzi aone kuna njia, vinapandika kwa kusukumwa na wanaume wawili.

Magongo na fimbo huchukuliwa kama vitu vya kugawa bila kupima, lakini navyo vina urefu. Gongo la kwapani liache nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono ili kiwiko kipinde kidogo. Uzito ubebwe na viganja. Anayening'inia kwa makwapa atakufa ganzi mikono, kwa sababu mishipa ya fahamu inapita hapo. Kifuniko cha mpira chini ya gongo kikitoboka na chuma kuchungulia, gongo linateleza kwenye vigae. Kifuniko ni cha bei ndogo, ila mfadhili aliyeleta magongo 200 aghalabu hakuleta vifuniko vya akiba.

Fimbo nyeupe isimame kutoka ardhini hadi karibu na chini ya mfupa wa kidari, na anayetembea haraka anahitaji ndefu zaidi. Fupi mno humwonya mtu akiwa tayari ameshafika kwenye shimo. Hata yenye urefu sahihi haisaidii bila mafunzo ya ujongeaji: kupeperusha fimbo kulia na kushoto kwa upana wa mabega, ncha ikigusa upande ulio kinyume na mguu unaotangulia, kusikiliza mwangwi wa ukuta, kuvuka barabara. Ni kazi ya wiki nyingi, si ya asubuhi moja ya semina. Fimbo ya kukunja ina uzi wa mpira ndani, na uzi ukikatika inakuwa vipande vinne visivyoshikana.

Kwenye kusikia, shimesikio (kifaa cha kusikia kinachovaliwa sikioni) linakula betri. Betri hizi ndogo za zinki hufanya kazi kwa kuvuta hewa, na ukishabandua kibandiko inaanza kuisha, uitumie usiitumie. Ya ukubwa wa 13, yenye kibandiko cha rangi ya chungwa, ikidumu siku 10, sikio moja linahitaji 36 kwa mwaka na masikio mawili zaidi ya 70. Mradi unaotoa shimesikio na pakiti mbili za betri umetoa usikivu wa miezi michache. Halafu kuna kile kipande laini kinachofinyangwa kwa umbo la sikio la mtumiaji. Sikio la mtoto linakua, kipande kinalegea, shimesikio linaanza kupiga mluzi darasani, wenzake wanacheka, naye analivua na kulitia mfukoni. Hapo kifaa ni kizima kabisa. Kilichohitajika ni kipande kipya, na mtoto mdogo sana huhitaji kipya kila baada ya miezi michache. Kwa wakazi wa pwani, jasho na unyevu huziba kimirija. Usiku toa betri na uweke shimesikio ndani ya kopo lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vya chembechembe vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Mguu bandia nao si kitu cha kupewa mara moja maishani. Kigutu, yaani kipande cha mguu kilichobaki, husinyaa kwa miezi mingi baada ya kukatwa, mwaka mmoja na zaidi, kwa hiyo kikombe cha kwanza cha mguu bandia kinachokikumbatia kitalegea. Mwanzoni mtu anaongeza soksi, moja, mbili, tatu. Zikizidi hapo arudi karakana, asivumilie michubuko. Mtoto anarudi karibu kila mwaka, kwa sababu mfupa unarefuka. Maandalizi huanzia wodini: kigutu kifungwe bandeji kwa mkazo unaopungua kuelekea juu, na mto usiwekwe chini ya goti hata kama mgonjwa anaona raha. Goti likikakamaa likiwa limekunjika, mafundi hawawezi kulitengenezea mguu wa kutembelea vizuri. Mafundi wenyewe ni wachache. Chuo cha TATCOT kilichopo kwenye hospitali ya KCMC mjini Moshi, kilichoanzishwa 1981, kimewafundisha wataalamu wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika, lakini karakana ziko kwenye hospitali kubwa, na nauli ya kurudi mara tatu au nne, ya mgonjwa na anayemsindikiza, inamshinda mtu wa Namtumbo kabla hata ya bei ya mguu.

Kwa watu wenye ualbino orodha ni tofauti: losheni ya kukinga jua, kofia ya ukingo mpana pande zote (si kapelo), mikono mirefu, na vikuza maandishi kwa wanafunzi. KCMC hutengeneza losheni yake hukohuko Moshi. Losheni inapakwa upya kila baada ya saa mbili ukiwa juani, kwa hiyo kopo moja la msaada kwa mwaka ni maigizo.

Nani analipa? Kisheria hali si mbaya. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 20 inazungumzia waziwazi vifaa vya kujimudu kwa bei nafuu. Kisha ikaja Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Kenya ina Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu na hazina yake, ambako mtu huomba kifaa kwa fomu. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo inasamehe ushuru kwa vifaa vilivyobuniwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu, ila barua za msamaha zitafutwe kabla mzigo haujafika, maana gharama za kuhifadhi bandarini hazisubiri barua. Asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri nchini Tanzania inayotengwa kwa watu wenye ulemavu, ambayo watu wengi huitaja, ni ya mikopo ya biashara. Inaweza kumnunulia mtu bajaji ya kuzalisha. Haikuwekwa kwa ajili ya kiti au shimesikio, na kumshauri mtu akakope ili anunue miguu ni kumwonea.

Katika ripoti ile ya 2022, karibu theluthi mbili ya wenye vifaa walilipa mfukoni, na wengine walitegemea ndugu na marafiki. Misaada nayo ipo, na msaada huja na hulka zake: unapenda idadi kubwa, vitu vinavyopigika picha, na mwaka wa fedha unaofungwa. Matengenezo hayapigiki picha.

Chukua tairi. Viti vingi vinavyotoka Ulaya na Asia huandikwa inchi 24, na fundi baiskeli anadhani tairi la baiskeli ya inchi 24 litaingia. Tazama namba ndogo ubavuni: la kiti huwa 25-540 au 37-540, la baiskeli ya kawaida ya inchi 24 huishia 507. Hizo 540 na 507 ni milimita za kipenyo pale tairi linapokalia rimu, na 33 za tofauti hazilazimishwi. Tyubu ya baiskeli inaweza kunyooka ikakubali, tairi haliwezi. Ndiyo maana unaona viti vyenye magurudumu yaliyofungwa mipira ya ndani ya tairi za gari. Beringi za magurudumu ya mbele ni afadhali, kwani nyingi ni namba 608 na hupatikana kwenye maduka ya beringi. Breki nazo mara nyingi hulaumiwa bure. Za kawaida hufanya kazi kwa kukandamiza tairi, kwa hiyo upepo ukipungua kiti kinateleza mtu anapohamia kitandani, na anaanguka. Dawa ni pampu, si fundi wa kuchomelea.

Kiti chenye magurudumu ya baiskeli ya saizi zinazouzwa hapa, kinachotengenezwa na karakana ya nchini, kinaweza kuonekana kizito na kisicho na mng'ao mbele ya kile cha aluminiamu. Lakini spoku ikikatika Ifakara, inapatikana Ifakara. Ukipewa nafasi ya kuchagua, uliza namba ya tairi kabla ya rangi.

Katika mwongozo ule wa 2008, WHO iliupanga utoaji wa kiti katika hatua nane: rufaa, tathmini, uchaguzi wa kiti kinachofaa, fedha na agizo, maandalizi ya kiti, kukirekebisha mtu akiwa amekikalia, mafunzo, kisha ufuatiliaji na matengenezo. Hafla nyingi hufanya ya nne na kuruka moja kwa moja kwenye picha. Kamati ya shule, msikiti, kanisa au kampuni inayotaka kutoa viti inaweza kugeuza bajeti bila kuongeza shilingi: badala ya viti 50 vya saizi moja, itoe 30 vya saizi tatu au nne vyenye mito, imlipe mtaalamu siku za kupima na siku za kurekebisha, na iache kwa afisa ustawi wa jamii tairi, tyubu, beringi, pampu na namba ya simu ya fundi. Kwenye daftari la makabidhiano ziongezwe safu tatu: kina cha kiti alichopewa, tarehe ya kutembelewa baada ya wiki sita, na hali ya kiti baada ya mwaka.